Kuitembelea Piemonte: Mkoa wa Italia Wenye Majina Tunayoyajua

Wanadiaspora wengi wanaoishi Ulaya, wakisema wanakwenda Italia, huwa wanamaanisha Roma, Venezia au Firenze. Mwongozo huu unapendekeza Piemonte, mkoa wa kaskazini-magharibi unaopakana na Ufaransa na Uswisi, ambao mji wake mkuu ni Torino. Miji ile mingine ina fahari yake, lakini Mwafrika Mashariki anayefika Piemonte hukuta majina aliyoyasikia tangu utotoni. Aliyetibiwa katika Hospitali ya Consolata ya Ikonda, wilayani Makete, au ile ya Mathari, Nyeri. Aliyejifunza ufundi katika chuo cha Don Bosco, Dodoma au Iringa. Aliyempeleka mgonjwa kwa Wacottolengo kule Chaaria, Meru. Au aliyefundishwa shuleni kwamba kilele kirefu kuliko vyote vya Rwenzori kinaitwa Margherita, wote hao wametaja Torino bila kujua. Majina hayo manne yanatosha kumpangia mtu safari ya wiki nzima.

Hati za safari

Mwenye kibali cha kuishi kilichotolewa na nchi yoyote ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, hahitaji viza nyingine. Anaruhusiwa kukaa Italia hadi siku 90 katika kila kipindi cha siku 180, mradi awe na pasipoti ambayo muda wake haujaisha pamoja na kadi ya kibali chenyewe. Vichukuliwe vyote viwili, tena vile halisi, kwa kuwa ukaguzi hufanyika mara kwa mara katika treni na mabasi yanayovuka mpaka wa Ufaransa, na picha ya pasipoti kwenye simu haimsaidii mtu. Anayeishi Uingereza, hata kama kibali chake hakina kikomo, bado anahitaji viza ya Schengen ikiwa anasafiria pasipoti ya nchi yoyote ya Afrika Mashariki.

Liko jambo moja ambalo wengi hulipuuza, nalo ni taarifa ya kuwepo nchini. Raia asiye wa Umoja wa Ulaya anayeingia Italia akitokea nchi nyingine ya Schengen anatakiwa kutoa taarifa hiyo ndani ya siku 8. Akilala hotelini, hoteli humwandikisha. Ndiyo maana mapokezi huomba pasipoti, na hapana haja ya kuona vibaya. Akilala kwa ndugu au rafiki, ni lazima aende mwenyewe katika ofisi ya polisi iitwayo Questura, na mwenyeji wake anatakiwa na sheria kutoa taarifa ya kumpokea mgeni ndani ya saa 48. Sisi tuliozoea kufikia kwa shangazi bila kumwandikia mtu barua huona ni usumbufu, lakini ni usumbufu wa asubuhi moja, na faida yake huonekana siku mtu anapohitaji kuthibitisha tarehe aliyoingia.

Torino kwa miguu

Torino haikuwa mji wa pembezoni. Mwaka 1563 watawala wa ukoo wa Savoia walihamishia hapa makao yao wakitokea Chambéry, na Italia ilipounganishwa mwaka 1861 mji huu ndio uliokuwa makao makuu ya kwanza ya ufalme mpya, hadi 1865. Hiyo ndiyo sababu ya majumba ya kifalme, viwanja vipana na zile baraza zenye matao zinazofuatana kwa takriban kilomita 18, ambazo humwezesha mtu kutembea siku ya mvua bila mwavuli.

Kituo cha kwanza kiwe kanisa la Consolata. Padre Giuseppe Allamano, aliyelisimamia tangu mwaka 1880, ndiye aliyeanzisha shirika la Wamisionari wa Consolata mwaka 1901, na mwaka uliofuata wamisionari wake wa kwanza walifika Tuthu, katika nchi ya Wakikuyu. Allamano alitangazwa mtakatifu Oktoba 2024. Ndani ya kanisa, usiishie kuitazama altare. Ingia katika njia ya pembeni ambako kuta zimefunikwa na picha ndogo zilizotolewa kama shukrani na watu wa kawaida. Hapo utamwona mtu anayeanguka kutoka juu ya jengo, mtoto aliyelala kitandani huku mama yake amepiga magoti, mkokoteni uliopinduka, askari vitani. Nyingi zimechorwa kwa mkono usio na ustadi mkubwa, na hilo ndilo linalozipa nguvu. Ukitoka, uwanja uleule una mgahawa uliofunguliwa mwaka 1763, unaouza bicerin, kinywaji cha kahawa, chokoleti ya moto na malai, kinachoandaliwa katika glasi kwa matabaka. Hakikorogwi. Kinanywewa hivyohivyo, ili malai baridi yakutane na chokoleti ya moto mdomoni.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi Porta Palazzo, soko la wazi linalotajwa kuwa kubwa kuliko yote Ulaya. Soko hufunguliwa Jumatatu hadi Jumamosi. Siku za kazi wauzaji huanza kufungasha baada ya saa saba mchana, kwa hiyo asiyeamka mapema atakuta makasha matupu. Katika mitaa inayolizunguka yapo mabucha ya nyama halali na maduka yanayouza mihogo, bamia na ndizi za kupika, jambo linalofaa kukumbukwa na aliyepanga nyumba yenye jiko.

Hatua chache mbele ya soko ni mtaa wa Valdocco, na humo majina mawili yetu yamekaa kama majirani. Giuseppe Cottolengo alihamishia hapa mwaka 1832 nyumba yake ya kuwapokea wagonjwa waliokataliwa kwingine, na nyumba hiyo hadi leo ni mji mdogo ndani ya mji, yenye hospitali na makazi ya wasiojiweza. Miaka 14 baadaye, kijana wa kijijini aliyekuwa padre, Giovanni Bosco, alikodi banda karibu na hapo ili awakusanye vijana waliofurika Torino kutafuta kazi za ujenzi na viwandani. Makumbusho ya Casa Don Bosco yanaonyesha sehemu ya banda hilo, vyumba vya chini na jiko la zamani. Kwa maoni yangu ndiyo makumbusho yanayoeleza vizuri kuliko yote kwa nini vyuo vya Don Bosco nchini kwetu vilianza na randa na nyundo, si na vitabu vya teolojia: Torino ya wakati ule ilikuwa mji wa vijana wasio na ufundi wala wa kuwaangalia, hali ambayo mkazi wa Dar es Salaam au Nairobi haihitaji kuelezwa.

Asiye Mkatoliki, au asiye na dini, asidhani kwamba safari hii ni ya hija. Makumbusho ya Misri, yaliyoanzishwa mwaka 1824, yanastahili siku nzima, na ni makosa kuyabana kati ya chakula cha mchana na treni. Humo mna kaburi la Kha, msimamizi wa mafundi wa makaburi ya wafalme, na mkewe Merit, lililogunduliwa mwaka 1906 likiwa halijaguswa: mikate, vitunguu saumu, vigoda, mashuka, kasha la vipodozi, hata nguo za ndani zilizokunjwa. Mna pia hekalu dogo la Ellesiya, lililochongwa katika mwamba wa Nubia na kutolewa na Misri mwaka 1966 kama shukrani kwa msaada wa kuokoa mahekalu yasimezwe na ziwa la bwawa la Aswan. Zawadi hiyo iko wazi. Kwa vitu vingine vingi vilivyotoka Afrika katika karne ya 19, mgeni ana haki ya kujiuliza vilitolewa na nani na kwa ruhusa ya nani. Ukipata mwongozaji, mwombe akueleze kuhusu mafunjo yenye habari za mgomo wa mafundi wa Deir el-Medina, kijiji cha wajenzi wa makaburi ya wafalme, wakati wa Mfalme Ramesses III, walioketi chini na kukataa kufanya kazi kwa sababu posho yao ya nafaka ilichelewa.

Kwa wapenzi wa kandanda, kilima cha Superga kina maana kuliko uwanja wowote. Tarehe 4 Mei 1949 ndege iliyobeba kikosi cha Torino, mabingwa wa Italia waliokuwa hawana mpinzani, iligonga ukuta wa nyuma wa kanisa la huko juu na kuua watu wote 31. Majina yao yapo penye bamba la ukumbusho, na mashabiki hupanda kila mwaka siku hiyo.

Malkia mmoja, milima miwili

Mwaka 1906 Luigi Amedeo wa Savoia, mwenye cheo cha Duke wa Abruzzi, aliondoka Entebbe na mamia ya wapagazi kuelekea Rwenzori, na mwezi Juni akafika kilele chenye urefu wa mita 5,109. Alikipa jina la Margherita, malkia wa Italia aliyezaliwa Torino. Vilele vya jirani vikapata majina ya Alexandra, Elena, Savoia na Vittorio Emanuele, kana kwamba wenyeji wa Bakonzo hawakuwa na majina yao. Ni vizuri kuijua habari hii yote, pamoja na kwamba mtu huyohuyo baadaye alianzisha shamba kubwa la kikoloni kwenye Mto Shebelle, Somalia, ambako alifariki na kuzikwa mwaka 1933.

Makumbusho ya Taifa ya Milima, juu ya kilima cha Monte dei Cappuccini ng'ambo ya Mto Po, yana jina lake. Hata asiyependa habari za wapanda milima apande hapo siku isiyo na ukungu, kwa sababu kutoka barazani unaona mji wote na nyuma yake safu ya Alpi imesimama kama ukuta mweupe. Mpiga picha wa msafara ule, Vittorio Sella, alitoka Biella, mji wa viwanda vya vitambaa ulio kaskazini. Na mmoja wa waongozaji wa msafara huo, César Ollier wa Courmayeur katika bonde jirani la Aosta, alikuwa tayari amefika Batian, kilele kikuu cha Mlima Kenya, mwaka 1899 pamoja na Mwingereza Halford Mackinder.

Mlima wa pili wa malkia uko hapahapa. Katika Monte Rosa, kwenye mita 4,554, ipo nyumba ya wapanda milima iitwayo Capanna Margherita, ambayo malkia mwenyewe alipanda kuizindua mwaka 1893. Kufika huko kunapitia barafu yenye nyufa, kwa hiyo aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu asijidanganye: hapa ni kamba, viatu vya meno na mwongozaji mwenye leseni. Asiyetaka hayo apande treni ya kamba kutoka Alagna hadi Punta Indren, mita 3,275, akaione barafu kwa karibu. Njiani kuelekea Alagna asimame Varallo, kwenye Sacro Monte, mlima wenye chapeli zaidi ya 40 zilizojaa sanamu za ukubwa wa binadamu, nyingine zikiwa na nywele halisi, zinazosimulia maisha ya Yesu.

Chakula na usafiri

Watu wa pwani watashangaa kuona mashamba ya mpunga yasiyo na mwisho kati ya Novara na Vercelli. Mwezi Aprili na Mei mashamba hayo hufurishwa maji kutoka mifereji kama ule wa Cavour, uliokamilika mwaka 1866, na treni hupita kana kwamba inakata ziwa. Mchele wake ni wa punje nene, unaofaa kwa risotto. Usiununue ukitarajia kupikia pilau. Mwislamu aulize kabla ya kuagiza: panissa ya Vercelli, wali wenye maharage, hupikwa na soseji ya nguruwe, na nyama nyingi za Piemonte huchemshwa kwa divai. Bagna càuda, mchuzi wa moto wa vitunguu saumu, dagaa wa chumvi na mafuta ya zeituni unaochovyewa mboga, kwa kawaida hauna nyama.

Kutoka Milano hadi Torino ni takriban saa moja kwa treni ya kasi, na karibu saa mbili kwa treni ya kawaida iliyo na bei nafuu zaidi. Tiketi ya karatasi ya treni ya kawaida ni lazima igongwe muhuri kwenye mashine ya kituoni kabla ya kupanda, la sivyo utatozwa faini ingawa umelipa nauli. Milimani gari linahitajika. Leseni ya nyumbani iambatane na kibali cha kimataifa cha udereva, na kati ya tarehe 15 Novemba na 15 Aprili barabara nyingi zinahitaji matairi ya baridi au minyororo. Alama ya ZTL mjini ina maana ya eneo lililofungwa kwa magari yasiyo na kibali. Kamera husoma namba, na faini hukufuata hadi nyumbani miezi kadhaa baadaye kupitia kampuni iliyokukodisha gari, ambayo huongeza gharama zake juu yake.