Kurekodi ulaji kwa simu katika utafiti wa lishe: hatua kwa hatua

Programu nyingi za simu za kurekodi chakula zilitengenezwa kumsaidia mtu apunguze uzito au ajenge misuli. Humwonyesha kalori zilizobaki, humpongeza akifanya vizuri, humwashia rangi nyekundu akizidisha. Mtafiti anataka kinyume chake: mtu ale kama anavyokula siku zote, na sisi tujue alikula nini na kiasi gani. Maamuzi mengi katika mwongozo huu yanatokana na tofauti hiyo. Nimeuandika kwa wanafunzi na maofisa lishe wanaoacha dodoso la karatasi na kuanza kutumia simu.

Hatua ya 1: Anza na swali la utafiti

Kama unataka kujua tu kama mlo wa wanawake una mchanganyiko wa kutosha, gramu huzihitaji. Kipimo cha MDD-W (mchanganyiko wa chini wa mlo kwa wanawake) cha FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kina makundi 10 ya vyakula, na anayefikisha 5 au zaidi katika saa 24 zilizopita amevuka kiwango. Fomu fupi kwenye KoboToolbox au ODK, zana za kukusanya data kwa simu, inamaliza kazi hiyo.

Ukitaka wastani wa kundi zima, siku moja kwa kila mshiriki inatosha; ukitaka pia kujua ulaji wa kawaida unavyotofautiana ndani ya kundi, urudie siku ya pili kwa baadhi yao. Ukitaka ulaji wa kawaida wa mtu mmoja mmoja, panga siku kadhaa zisizofuatana, na angalau moja iwe ya mwisho wa wiki. Baadhi ya virutubishi hupanda na kushuka sana kati ya siku na siku. Mlo mmoja wa ini unaweza kubeba vitamini A ya siku nyingi, na ukiikamata siku hiyo peke yake utamdhania mshiriki kuwa na akiba ambayo mlo wake wa kila siku hauna.

Hatua ya 2: Chagua programu

Zipo zilizojengwa kwa ajili ya utafiti. ASA24 ya Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani na Intake24 iliyoanzia Chuo Kikuu cha Newcastle humwongoza mshiriki mwenyewe kukumbuka saa 24 zilizopita. INDDEX24, mradi ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Tufts, imekusudiwa mdodosaji anayekaa na mshiriki ana kwa ana. Programu za kibiashara kama MyFitnessPal watu wameshazizoea, na hiyo ni faida ya kweli, lakini zikague kwa makini kabla ya kuziingiza kwenye utafiti.

Uliza mambo manne. Je, unaweza kumfichia mshiriki kalori na pongezi? Kama haiwezekani, mimi siichukui, kwa sababu itabadilisha kile kile ninachokuja kukipima. Je, inafanya kazi bila mtandao na kutuma data baadaye? Je, unaweza kupakua rekodi ya kila chakula na gramu zake, au inakupa jumla ya siku tu? Na la nne, ambalo wengi hulisahau: thamani za virutubishi zimetoka wapi?

Kwenye kanzidata ambazo watumiaji hujiongezea vyakula wenyewe, mara nyingi aliyeingiza amenakili lebo ya pakiti. Lebo ina nishati, protini, wanga na mafuta. Zinki na foleti (vitamini ya kundi B) mara nyingi hazipo. Programu inapojumlisha, pengo hilo huhesabiwa kama sifuri, na ripoti yako itasema watu wana upungufu wa zinki ilhali kilichopungua ni data. Kwa hiyo nashauri simu ikusanye majina ya vyakula na gramu, kisha hesabu ya virutubishi uifanye mwenyewe kwa jedwali unalolijua.

Hatua ya 3: Andaa orodha ya vyakula

Kila chakula kwenye orodha ya simu kiwe na msimbo mmoja unaokiunganisha na mstari mmoja wa jedwali la virutubishi. INFOODS, mtandao wa FAO wa data za virutubishi vya vyakula, una miongozo mizuri ya kulinganisha chakula na mstari wake.

Hakikisha hali ya chakula imeandikwa wazi: kibichi au kilichopikwa, na maganda au bila. Gramu 100 za mchele mkavu zina takriban kilokalori 365. Wali uliopikwa kwa maji matupu una takriban 130. Mshiriki aliyekula gramu 200 za wali amepata kama 260. Akigusa "mchele" badala ya "wali", simu itaandika 730, na hakuna kengele itakayolia. Mimi huviondoa vyakula vibichi kwenye orodha ya mshiriki, navibakiza kwenye fomu ya mapishi peke yake.

Angalia pia vipimo vya nishati. Kilokalori 1 ni kilojuli 4.184, na majedwali hayatumii kipimo kimoja.

Hatua ya 4: Mfundishe mshiriki kwa chakula halisi

Usimfundishe kwa maneno. Weka sahani mbele yake, mpe mizani ya jikoni inayosoma gramu 1, na umwache afanye mwenyewe: aweke sahani tupu, abonyeze kitufe cha kurudisha sifuri, apakue chakula cha kwanza, aandike, arudishe sifuri, apakue cha pili. Akimaliza kula, apime mabaki, pamoja na mifupa na mbegu. Watu huandika walichopakua na kusahau walichobakiza.

Kama unatumia picha, ziwe mbili kwa kila mlo: kabla na baada. Simu iinamishwe kwa nyuzi 45 hivi ili kina cha bakuli kionekane, na pembeni ya sahani kiwekwe kitu chenye ukubwa unaojulikana, mfano kadi uliyoichapisha wewe. Picha haionyeshi mafuta yaliyokaangia wala sukari iliyoyeyuka kwenye kikombe, kwa hiyo lazima iende na maelezo.

Hapa hapa zungumzia faragha. Sura za watu zisiingie kwenye picha, na kipengele cha simu kinachobandika mahali picha ilipopigwa kizimwe. Kwenye programu mshiriki atumie namba ya utafiti, jina lake libaki kwenye fomu ya ridhaa.

Hatua ya 5: Chakula cha chungu kimoja

Hapa ndipo rekodi nyingi huharibika. Mshiriki anaandika "mchuzi, kijiko kikubwa 3" na mtafiti anakisia yaliyobaki. Fanya hivi: pima kila kiungo kikiwa kibichi, pima chungu kitupu, kisha pima chungu na chakula kikiiva.

Tuseme chungu kitupu ni gramu 1,200, na kikiwa na chakula ni 3,600. Chakula ni gramu 2,400. Mshiriki akila gramu 300, amekula sehemu moja ya nane ya kila kilichoingia chunguni. Kama mafuta yalikuwa gramu 120, yeye amepata 15. Kwa kilokalori 9 kwa gramu, hiyo ni 135 kutoka kwenye mafuta peke yake.

Hatua ya 6: Fuatilia kila siku

Kila jioni fungua data. Tazama saa ya kula na saa ya kuingiza. Milo mitatu yote ikiwa imeingizwa saa 3:47 usiku, hiyo ni kumbukumbu ya siku nzima wala si shajara, na uichambue hivyo. Wadodosaji wakubaliane pia kwamba "saa 2 asubuhi" ya mshiriki kwenye fomu ni 08:00.

Ukimpigia mshiriki, uliza vinavyosahaulika: vinywaji, sukari, matunda, vitafunwa vya njiani, alichoonja wakati wa kupika. Sema "Kuna kingine ulikula au kunywa?" Ukisema "Hukula kitu kingine, eti?" umeshamjibia.

Kisha gawanya nishati iliyoripotiwa kwa nishati ambayo mwili wake hutumia ukiwa umepumzika. Mwenye kutumia kilokalori 1,350 kwa siku aliyerekodi 900 ana uwiano wa 0.67, na hakuna anayedumu hivyo bila kupungua uzito. Goldberg na wenzake walichapisha mwaka 1991 namna ya kuweka mipaka ya uwiano huu kulingana na idadi ya siku na watu. Usimfute mtu kwa sababu hiyo tu: huenda alikuwa mgonjwa au amefunga. Muulize kwanza, uandike jibu.

Hatua ya 7: Pakua na uhifadhi

Pakua faili ghafi la CSV kila wiki na usiliguse. Marekebisho yaende kwenye nakala yenye safu ya sababu. Andika toleo la programu, toleo la jedwali la virutubishi, na tarehe ya kila sasisho, kwa maana sasisho la katikati ya utafiti linaweza kubadilisha orodha ya vyakula bila taarifa. Zima masasisho ya moja kwa moja kwenye simu zote kabla ya siku ya kwanza. Wakati wa kuandika makala, STROBE-nut, mwongozo wa 2016 wa kuripoti tafiti za lishe, utakudai ueleze jedwali la virutubishi ulilotumia.