Kupanga mechi za timu ya taifa wachezaji wako wakiwa Ulaya

Anza na kalenda ya FIFA, si na siku ambayo uwanja uko wazi. Klabu inalazimika kumwachia mchezaji ndani ya dirisha la kimataifa tu, yaani siku ambazo FIFA imezitenga kwa mechi za timu za taifa, na kwa fainali za mashindano makubwa kama AFCON. Dirisha la kawaida hufunguliwa Jumatatu na kufungwa Jumanne ya wiki inayofuata: siku 9, mechi zisizozidi 2. Nje ya hapo unaomba, na klabu ina haki ya kukataa. Kuanzia 2026, madirisha ya Septemba na Oktoba yameunganishwa kuwa moja la siku 16 na mechi hadi 4, kwa hiyo bajeti ya kambi moja ya zamani haitatosha.

Chukua dirisha la Novemba 2025, tarehe 10 hadi 18. Mchezaji anatakiwa aitwe kwa maandishi angalau siku 15 kabla ya Jumatatu ile, na klabu ijulishwe wakati huohuo. Siku ya mwisho iliangukia Jumapili, Oktoba 26, hivyo barua ilipaswa kutoka Ijumaa ya tarehe 24, ofisi zikiwa wazi. Klabu ina siku 6 za kujibu. Barua ikichelewa umeipa klabu sababu ya kukataa, halafu lawama anabebeshwa mchezaji ambaye hana kosa.

Sasa siku ya mechi, na hapa ndipo pa kutuliza akili. Kanuni inaruhusu kucheza kuanzia Jumatano, mradi kati ya mechi mbili zipite siku 2 kamili. Alhamisi ni mtego. Beki aliyemaliza dakika 90 Jumapili usiku anaondoka Jumatatu, anabadilisha ndege Addis Ababa au Istanbul, anatua Dar es Salaam alfajiri ya Jumanne. Siku hiyo ni ya kunyoosha misuli tu, kwa hiyo mbinu zote zinabaki Jumatano. Jumanne ya mwisho nayo ina shida yake: Jumatano asubuhi lazima aanze safari ya kurudi, na anatakiwa kuripoti klabuni ndani ya saa 48. CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikikuachia nafasi ya kuchagua, chukua Ijumaa na Jumatatu.

Tiketi ni juu ya shirikisho la nchi yako, si klabu. Nunua zinazobadilishika, maana ligi husogeza mechi kwa ajili ya televisheni. Kama mechi ya ugenini iko DRC, kagua mapema cheti cha chanjo ya homa ya manjano cha kila mchezaji. Chanjo huhesabika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo usisubiri afike kambini.

League Two, ligi ya daraja la nne ya England, haisimami wakati wa dirisha. Haki yako iko palepale, lakini mpigie simu kocha wa klabu kabla ya kutuma barua.

Kwa fainali za mashindano kama AFCON, kanuni humwachia mchezaji Jumatatu ya wiki iliyotangulia wiki ya ufunguzi. AFCON ya Morocco ilianza Desemba 21, 2025, kwa hiyo makocha walihesabu Desemba 8. FIFA ikasogeza hadi Desemba 15, ikitangaza mwanzoni mwa mwezi huohuo, na wiki nzima ya maandalizi ikapotea. Gawa kambi mara mbili: wachezaji wa ligi ya nyumbani waingie kwanza na kocha msaidizi, mechi ya kirafiki iwekwe siku 3 au 4 kabla ya mchezo wa kwanza, na mkataba wa hoteli uruhusu kuongeza vyumba kwa awamu.