Kutembelea majengo ya kale ya Melbourne kwa miguu

Tenga saa tatu, uanze asubuhi kwenye ngazi za kanisa kuu la St Paul's, ukitazama stesheni ya Flinders Street upande wa pili wa makutano. Ilikamilika mwaka 1910, na michoro yake ni ya wafanyakazi wawili wa reli, Fawcett na Ashworth, walioshinda shindano la 1899. Kwa picha, saa hizo jua liko nyuma yako na kuba la shaba linapata mwanga vizuri. Wageni wengi hukosea hapa: Australia jua hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo kuta zinazotazama kusini hubaki kivulini.

Kichochoro cha Hosier Lane kiko hatua chache tu. Michoro ya ukutani hupakwa rangi upya kila mara, basi ukiupenda mmoja, upige picha papo hapo. Kesho huenda usiukute.

Panda Swanston Street, kata kushoto Collins Street hadi Block Arcade, jengo la maduka la 1892. Hapo tazama chini kwanza: sakafu ya mozaiki ndiyo hazina yenyewe. Tokea nyuma, vuka barabara ya Little Collins uingie Royal Arcade ya 1870. Fika dakika tano kabla ya saa kamili, uwaone Gog na Magog, sanamu mbili za majitu, wakigonga kengele.

Tramu za katikati ya jiji ni bure. Ukisafiri humo tu, usiguse myki, yaani kadi ya nauli, kwenye mashine, utakatwa nauli.