Jinsi ya kufuatilia mbio za Arc ukiwa Tabora

Wadau wa farasi hapa Tabora, Arc (Prix de l'Arc de Triomphe, mbio kubwa za farasi za Ufaransa) huwa Jumapili ya kwanza ya Oktoba pale Longchamp, Paris, mita 2,400 kwenye nyasi. Kwetu inaangukia saa 11 jioni na dakika kadhaa, kwahiyo weka bando na chaji simu mapema, mbio zenyewe ni dakika mbili na nusu hivi, umeme ukikatika ushazikosa.

Cheki kwanza kilo anazobeba farasi, yaani jokei (mpanda farasi) na tandiko lake: farasi wa miaka mitatu anabeba 56.5, wakubwa 59.5, majike wanapunguziwa 1.5, na usiwadharau kabisa hao majike maana Treve alichukua 2013 na 2014, Enable 2017 na 2018!

Alafu sasa utamu, wakishamaliza mteremko kuna kipande kimenyooka ukadhani ndo mwisho kumbe kona bado, jokei akimwachia farasi hapo pumzi inakata mbele. Mkazie macho aliyetulia.