Kabla ya kumpeleka mzee mwenye kisukari kupimwa ubongo

Mama alianza kuuliza swali moja mara tatu kabla chai haijapoa, nasi tukasema ni uzee. Ana kisukari cha miaka mingi, na presha juu yake. Ukiwa na mzazi wa namna hiyo, usikimbilie mashine ya kupiga picha ya ubongo, anzia nyumbani.

Mpime sukari palepale anapochanganyikiwa, usingoje kesho asubuhi. Ikiwa chini ya 3.9 kwa mashine zinazosoma milimoli, au 70 kwa zinazosoma miligramu, ubongo una njaa. Mpe maji ya sukari, mara nyingi akili inarudi. Wanaotumia insulini au glibenclamide, vidonge vya kushusha sukari, ndio wa kuangaliwa zaidi. Mama alikuwa akisahau kwamba ameshajichoma, anajichoma tena.

Kwa wiki nzima andika sukari na presha, asubuhi na jioni, pamoja na vituko vyenyewe na tarehe zake: katia chumvi kwenye chai, kapotea akitoka sokoni. Ukimwambia daktari "anasahausahau" tu, hujamwambia kitu. Dawa zote zibebwe na maboksi yake, hata aspirini ya kupewa na jirani, hata mitishamba. Metformin, kidonge cha kisukari, ikitumiwa miaka mingi huweza kushusha vitamini B12, na upungufu huo nao hudhoofisha kumbukumbu. Unatibika, kwa hiyo omba kipimo chake.

Sasa tuje kwenye damu inayovuja ndani ya ubongo, ambayo nayo huweza kuhusika na kusahau. Kisukari na presha huchakaza vimishipa vidogo vya macho, vya figo, na vya ubongo pia. Kimishipa cha ubongo kikivuja tone, hubaki kidoa cha milimita chache, bila maumivu, na mwenyewe hana habari. Ndiyo maana ukiwa na majibu ya macho au ya protini kwenye mkojo, yabebe. CT, picha ya ubongo ya eksirei, haivioni vidoa hivi. Huonekana kwa MRI, picha ya sumaku, tena kwa picha maalumu zinazotafuta mabaki ya damu, basi uliza kabla ya kulipa kama zitapigwa. Kama ana betri ya moyo au chuma mwilini, sema mapema.

Vidoa vikionekana, familia isikae kikao ikamwachisha aspirini au warfarin, dawa za kuzuia damu kuganda. Kuna hatari ya damu kuvuja na kuna ya damu kuganda, na anayezipima ni daktari. Presha ndiyo ya kukabwa. Sukari, kinyume na tulivyodhani, kwa mzee aliyeanza kusahau hulegezwa kidogo: wengi huwekewa HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi kama mitatu, chini ya asilimia 8 badala ya 7. Mdomo ukipinda ghafla, mkono ukilegea au maneno yakigoma, achana na daftari, tafuta gari.

Lililobaki ni nani ashike insulini. Mama hakukubali kunyang'anywa bomba lake. Basi anajichoma mwenyewe, dada kakaa pembeni, kalamu mkononi, anaandika saa.