Kudaka kwenye hurling: jifunze kuua mpira kwanza

Wanangu wawili wanacheza hurling, mchezo wa kupiga mpira mdogo kwa fimbo, hapa Tipperary, Ayalandi, na yule mdogo ndiye kipa. Kila jioni humpigia mipira mbele ya ukuta wa nyumba, kwa hiyo ninayoeleza nimeyaona kwa macho yangu.

Helmeti kwanza; bila hiyo haingii mtu uwanjani. Mpira ni mdogo, mgumu, una gramu 110 hivi, na mishono yake ya ngozi imetokeza nje. Ukikupata kwenye kidole utaukumbuka wiki nzima.

Goli lina upana wa mita 6.5 na mtambaa panya uko mita 2.5 juu. Simama kwa nyayo za mbele, magoti yakunje kidogo, ubao wa hurley, yaani sehemu bapa ya fimbo ya kuchezea, uelekee chini. Wengi huinua mapema, mpira unapita miguuni.

Shuti kali usilirudishe kwa nguvu. Lizuie kwa ubao huku ukilegeza kiwiko, mpira ufie mbele yako, ndipo uuokote. Huyu wangu alitumia kipupwe kizima kujifunza kulegeza huko. Mkono ukikakamaa, mpira unamrudia mshambuliaji, na goli moja ni pointi 3!

Kuanzisha mpira nako kunataka mazoezi ya kila siku. Mtafute mwenzako aliyeachwa peke yake kabla hujaurusha hewani. Brendan Cummins, kipa wa hapa aliyetwaa ubingwa wa Ayalandi 2001 na 2010, alidumu golini miaka mingi. Mwanangu anatamani hivyo hivyo, nami namwombea.