Namna ya Kuipima Methali Kabla ya Kuisema, na Namna ya Kumjibu Aliyekutupia

Katika mtihani wa insha wa kidato cha nne nchini Kenya, swali lililozoeleka ni lile linalomtaka mtahiniwa aandike kisa kitakachothibitisha ukweli wa methali fulani. Mwanafunzi hujifunza mapema kwamba mhusika mwenye pupa lazima aangamie na mwenye subira lazima afaulu, kwa maana anayethubutu kuonyesha kwamba mwenye subira alikufa akingoja huhesabiwa kuwa amepotoka. Kwa njia hiyo tunakua tukijua kuithibitisha methali bila kujua kuipima, na tukishakuwa watu wazima tunaitamka kama hukumu isiyokatiwa rufaa. Ndiyo maana misemo mingi ambayo kwa asili ni ya hekima imegeuka kuwa kero, hasa kwa aliye chini ya msemaji kwa umri, kwa cheo au kwa kipato. Mwongozo huu umeandikwa kwa anayetaka kutumia methali bila kumwumiza mwenzake, na pia kwa anayetupiwa methali isiyomfaa na hajui amjibu vipi msemaji bila kumvunjia heshima.

Kabla ya kuisema methali yoyote, itafutie kwanza hasimu yake. Wahenga waliosema kwamba haraka haraka haina baraka ndio hao hao waliosema kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na tena wakaonya kwamba chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Walisema kwamba penye wazee haliharibiki neno, kisha wakasema kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Walisema damu ni nzito kuliko maji, lakini wakatahadharisha kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Methali hizi hazifutani, kwa sababu kila moja ilisemwa kuhusu hali yake, na kazi ya msemaji ni kutambua jambo lililo mbele yake linaangukia upande gani. Mtoto mdogo akipandwa na homa kali jioni katika eneo lenye malaria, halafu bibi akashauri kwamba asubuhi si mbali na haraka haina baraka, hapo methali imepotezwa mahali pake, kwa kuwa malaria kali inaweza kumuua mtoto ndani ya siku moja au mbili tangu dalili zianze, na ushauri wa wataalamu wa afya ni kwamba apimwe na aanze dawa ndani ya saa 24. Mwenye kununua kiwanja bila kukagua hati, kwa upande mwingine, ndiye hasa anayestahili kuambiwa habari za haraka na baraka.

Hatua inayofuata, ambayo mimi naiona kuwa yenye faida kuliko zote, ni kuirudisha methali katika kazi ilikotoka na kuitazama kazi yenyewe kwa makini. Chukua ile inayosema samaki mkunje angali mbichi, ambayo pamoja na mwenzake, mchelea mwana kulia hulia yeye, imekuwa kisingizio cha viboko katika nyumba na shule zisizohesabika. Mtazame anayekausha samaki kwa moshi. Kambare aghalabu hukunjwa mduara, mkia ukaletwa hadi kichwani, kabla ya kuwekwa juu ya moto, kwa sababu akishakauka hakunjiki tena na ukimlazimisha atavunjika vipande. Mkono unaomkunja huenda taratibu, ukifuata uti wa mgongo unapokubali kupinda, kwa maana samaki mbichi akikunjwa kwa nguvu huchanika ngozi na nyama ikamwagika. Hakuna fimbo popote katika kazi hiyo. Methali inasema juu ya wakati, yaani kuanza malezi mapema, na haisemi neno lolote juu ya kipigo. Kipigo tumekitia sisi. Anayekutolea methali hii ili kuhalalisha viboko unaweza kumweleza jinsi samaki anavyokunjwa, na kama yuko Kenya unaweza kumkumbusha pia kwamba ibara ya 29 ya Katiba ya 2010 inamkinga kila mtu, mtoto akiwemo, dhidi ya adhabu ya viboko.

Chunguza vilevile kama methali imekufikia nzima au imekatwa njiani. Mfano mashuhuri ni mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ambayo Mwalimu Nyerere aliitumia mwaka 1962 alipokuwa akieleza ujamaa, ili kusisitiza kwamba katika jamii ya jadi kila mtu alifanya kazi. Kwa shabaha hiyo ilimfaa. Lakini katika beti za kale za pwani, mgeni hupewa mchele na panza siku ya kwanza, maziwa na samli siku ya pili, na siku ya tatu, ijapokuwa nyumbani hamna kitu ila vibaba vitatu, mwenyeji huambiwa apike ale na mgeni wake. Jembe huja siku ya nne. Anayeitumia leo kumsimanga mdogo wake aliyekuja mjini kutafuta kazi amechukua jembe akaacha mchele, samli na vile vibaba vitatu.

Kisha uliza ni nani anayefaidika methali hiyo ikikubaliwa. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Mwajiri ambaye hajalipa mishahara ya miezi kadhaa akisimama mbele ya wafanyakazi na kusema kwamba mvumilivu hula mbivu, anayekula mbivu hapo ni yeye. Mtumishi wa umma anayekuambia kwamba mkono mtupu haulambwi anataka hongo, na jibu lake halihitaji methali: mwombe kwa upole akutajie ada halali ya huduma hiyo na akupe risiti.

Kuna mahali ambapo hata methali iliyopimwa vizuri haifai kusemwa, napo ni msibani. Waombolezaji wengi wamesikia maneno kama kazi ya Mungu haina makosa, au sisi tulimpenda lakini Mungu amempenda zaidi, mara nyingi kiasi kwamba yanatoka mdomoni kabla mtu hajakaa mkekani. Sisemi kwamba maneno hayo ni ya uongo; aliyefiwa anaweza kuyasema mwenyewe na yakawa ndiyo nguzo yake, na akiyasema, itikia pamoja naye. Tatizo huanza pale mtu mwingine anapomtangulia kuyasema, hasa kwa mama aliyefiwa na mtoto, kwa sababu maneno hayo yanamtaka akubaliane na kifo ambacho bado hajaweza hata kukiamini. Yanaumiza zaidi pale kifo kilipoletwa na uzembe wa mtu, kama vile dereva aliyepita gari jingine kwenye kona, kwa kuwa familia inayotaka haki hujikuta kana kwamba inabishana na Mwenyezi Mungu. Lugha yetu imetupa neno moja linalotosha, nalo ni pole. Sema poleni sana, au pole dada, taja jina la marehemu, na kama ulimfahamu, eleza jambo dogo alilolifanya ambalo pengine familia haikulijua. Kisha fanya kazi: teka maji, menya vitunguu, peleka rambirambi kwa mwandishi, wachukue watoto wakaoge. Rudi tena baada ya arobaini, wakati turubai zimekwisha kuondolewa na wageni wametawanyika.

Sasa tuje kwa anayetupiwa methali. Ugumu wake ni kwamba mara nyingi anayeitupa ni mkubwa wako, na kumwambia waziwazi kwamba amekosea ni utovu wa adabu ambao utaharibu hoja yako yote, hata kama hoja ni ya haki. Njia iliyo salama ni kuipokea kwanza, kumshukuru, kisha kumrudishia methali nyingine, kwa kuwa ukijibu kwa maneno ya wahenga hao hao, hatakuona kuwa umempinga yeye wala umepinga mila. Wanawake wa pwani wameifanya kazi hii kwa kanga vizazi kwa vizazi. Jina la kanga humjibu jirani au wifi huku mvaaji hajafungua kinywa.

Tuseme binti aliyeolewa amerudi kwao akiwa na alama za kipigo, na shangazi yake, kwa mapenzi kabisa, anamwambia kwamba ndoa ni uvumilivu na mvumilivu hula mbivu. Asimkatize. Amwache amalize, kisha aseme: “Nimekusikia shangazi, na nakushukuru kwa kunijali. Lakini wahenga walisema pia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu mimi nimeuona.” Maneno hayo yanamwachia shangazi heshima yake yote na hapohapo yanabadilisha swali, kutoka swali la kama binti ana subira hadi swali la nini kifanyike sasa. Baada ya hapo aombe msaada ulio bayana, kama vile kulala hapo kwa muda, kusindikizwa hospitali, au, akiwa Tanzania, kufuatana naye hadi Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, kwa maana mazungumzo yakibaki kwenye methali tupu, mwenye umri mkubwa ndiye atakayekuwa na akiba kubwa zaidi. Shangazi akishikilia msimamo wake, si lazima kumshinda. Inatosha kusema, “Naomba uniruhusu nilifikirie, shangazi,” na kuondoka kwenda kwa mtu mwingine atakayesaidia.

Methali moja ninaomba isipokewe kabisa inapotajwa dhidi ya mtu asiyekuwepo, nayo ni lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza nchini Tanzania, na katika kaunti ya Kilifi nchini Kenya, wazee wameuawa kwa miaka mingi kwa kusingiziwa uchawi, na miongoni mwao wamo wanawake ambao ushahidi pekee dhidi yao ulikuwa macho mekundu, macho yaliyotokana na moshi wa kupikia. Uvumi wa namna hiyo haukui bila mtu wa kuuthibitisha, na methali hii ndiyo inayoupa sura ya uthibitisho. Ukiisikia ikitumika hivyo, sema papo hapo kwamba kusikia si kuona, na uliza ni nani aliyeona, lini na wapi. Swali likikosa jibu, lirudie mbele ya wote waliopo, hata kama utaonekana mkorofi.

Kuhusu kijana asiye na kazi anayeambiwa kila siku kwamba penye nia pana njia, au kwamba mchagua jembe si mkulima, neno langu ni fupi: anayesema hivyo aoneshe njia. Amtajie mtu wa kumwona, amwazime nauli, ausome wasifu wake na kumrekebishia. Asiyekuwa na lolote kati ya hayo anyamaze, na asipotaka kunyamaza, kijana anaweza kumwomba kwa adabu: “Mzee, nia ninayo, naomba unielekeze njia.”

Walimu ndio wenye uwezo mkubwa wa kubadilisha mambo haya, na hawahitaji kusubiri mtaala mpya. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kuwapa wanafunzi methali ileile mara mbili, wiki ya kwanza waandike kisa kinachoithibitisha kama mtihani unavyotaka, na wiki ya pili waandike kisa ambacho methali hiyo ilisemwa mahali isipofaa na mtu akadhurika. Awape alama sawa kwa kazi zote mbili. Baada ya hapo wasomeane darasani, na kila msomaji aulizwe ni methali gani nyingine ambayo mhusika wake angeambiwa ili aokoke.